Masika Wawili na Mukebe Moja

Nyinyi watoto wa chumba ya mashine, mumenisumbua sana. "Jajja, bibi yetu, wewe umekaa na Tera kuliko sisi wote, tuachie maneno mbele hujaacha kazi." Haya, nimekaa. Shule mimi niliachia darasa ya tatu kule mulimani Mahango, na kalamu nashika kama mutu anashika panya kwa mukia. Mukiona neno imepinda, isomeni kwa sauti, itanyooka.

Mushahara na cheo sitaandika. Mushahara ingewachekesha, na cheo mimi na yeye hatukukutana.

Niliingia kazi kwa dispensari ndogo hapa Bwera, kufagia. Siku ya kwanza Muzee Thembo, mwenye stoo, aliniita na ufagio mukononi. Alikuwa mwembamba, koti yake nyeupe inamufika magoti. Akaweka kitu kwa meza.

"Biira, hii ni nini?"

"Ni kidonge, Muzee."

"Umejuaje?"

"Iko nyeupe, iko mviringo."

"Chaki nikiikata iko nyeupe, iko mviringo. Toka inje, fikiri, urudi."

Nikatoka. Nikafikiri mpaka ufagio ikakauka. Nikarudi, nikasema, "Muzee, sijui hii ni nini." Akacheka na meno yake yote mbili. "Sasa unaweza kufanya kazi."

Hivyo ndivyo nilifundishwa kushuku. Kila kidonge tulivunja na ukucha tusikilize sauti yake. Tulinusa. Tuliweka moja kwa glasi ya maji tuone inazama namna gani. Tulisoma herufi ya mukebe, ama Muzee alisoma na mimi niliangalia kama zimenyooka. Mutu akileta dawa kutoka ng'ambo ya mupaka, kule Kasindi ya Congo, Muzee anamupa kiti, anamupa chai, anamuuliza habari ya mama yake, na mukono ingine inahesabu mukebe mara ya pili chini ya meza. Nilipenda hiyo kazi! Mutu kama mimi, napenda watu na siwaamini, niliona Mungu ameniweka pahali pangu.

Jambo ingine Muzee alinifundisha ni kutunza dawa. Alisoma kizungu ya mukebe, akasema, "Inasema iwekwe pa baridi." Na nyinyi munajua jua ya Bwera, saa saba ya mchana hata mbuzi inatafuta kivuli ya mutu. Kwa hiyo pale kona ya stoo tulikuwa na mutungi ya maji ya kunywa, imekaa juu ya muchanga. Kila asubuhi namwagia ile muchanga maji, ndiyo mutungi ipoe. Mikebe ya dawa tulipanga kuzunguka mutungi, kama watoto wanazunguka mama yao. Ukigusa, iko baridi vizuri. Muzee akapumzika, akaenda kwao Maliba kulima, mimi nikabaki na muchanga yangu. Miaka mingi niliimwagia maji, na moyo safi kabisa.

Halafu, miaka ya elfu mbili kumi na kitu, ndiyo Daktari Nakato alikuja na Tera.

Alitoka Kampala na sanduku tano. Bado musichana, miwani kubwa, viatu vya kupanda mulima na sisi hapa tuko kwa tambarare. Dispensari ilimupatia chumba ya nyuma. Akasema anatafuta mutu mwenye mukono haitetemeki. Wote walionyesha mimi, juu nilikuwa natoa miiba kwa miguu ya watoto ya Bwera yote.

Akanieleza. Ati hii mashine inatoa mwanga ambayo macho haioni, jina yake terahezi. Inapita kwa karatasi, inapita kwa plastiki, inaingia ndani ya kidonge na kutoka, na kompyuta inachora imekuta nini. Bila kupasua kitu.

"Inaona ndani bila kufungua?" nikauliza.

"Ndiyo, Mama Biira."

"Kwetu mutu wa namna hiyo iko na jina, na hatumukaribishi nyumbani."

Alicheka, lakini mimi sikuwa nacheka. Kesho yake nilifunga bahasha mbili na gundi. Moja sukari, moja unga ya muhogo. Nikasema, "Daktari, hizi ni dawa mbili, mutu ameleta." Akapima. Akaangalia kompyuta, akaangalia mimi, akaangalia kompyuta tena.

"Mama Biira, hii ya kwanza ni sukari."

"Na ya pili?"

"Ya pili haina kitu. Imelala tu. Kama unga."

Nikakaa chini. Kutoka siku hiyo nikaiita Tera, jina ya mutu, juu mutu wa kusema ukweli hivyo lazima umuite na jina.

Sasa sikieni vizuri, hii ndiyo kazi yenyewe. Kitu ambayo imejipanga ndani yake vizuri, kama sukari, Tera anaichorea milima. Kitu ambayo imejimwaga ovyo, kama unga, mustari kwa kompyuta inapanda tu bila kilele. Kila dawa iko na milima yake. Mimi namba sikuzijua, lakini milima? Nimezaliwa Mahango! Mutu akinipeleka kwa mugongo wa mulima wowote nimefunga macho, nikifungua nitakuambia niko wapi. Daktari alinionyesha milima ya dawa ya malaria, ya dawa ya minyoo, ya dawa ya kifafa, na nikazishika zote kwa kichwa. Na dawa moja inaweza kuwa na milima mbili mbalimbali. Ni dawa ile ile, lakini imejipanga ingine ndani. Ukimeza, moja inafanya kazi, ingine inapita tu kwa tumbo kama mugeni hakusalimia.

Vidonge vilivyo na koti ya rangi tulikuwa tunaviweka vizima, Tera anasoma koti iko nene wapi, iko nyembamba wapi. Vingine nilikuwa nasaga kwa kinu kidogo, nachanganya na unga ya plastiki, naweka kwa chuma ya kukandamiza, inatoka kama shilingi. Unashika na koleo, kwa ukingo. Na usipumue juu yake! Tera anachukia maji kuliko paka. Maji inameza ule mwanga wote. Hata pumzi yako ni maji. Ndani ya sanduku yake tuliweka shanga za kukausha hewa, zikiwa buluu ni sawa, zikigeuka pinki unazikaanga tena kwa oveni. Nilikaanga shanga kuliko nilivyokaanga karanga.

Na bado, munaona? Nilichunga maji kwa Tera kama askari wa mupaka, na kwa stoo, hatua kumi tu kutoka pale, namwagia muchanga.

Kesi yenyewe ilianza hivi. Daktari alitangaza kwa makanisa: mutu akiwa na dawa ambayo haimusaidii, ailete, tutaipima. Watu walikuja mingi, laini inafika barabara. Mimi nilikuwa kwa meza, naandika bahasha. Daktari aliniambia niandike mbili tu, jina ya duka dawa imetoka, na mahali. Lakini mimi nilikuwa nauliza kwa ufupi, "Jina? Jina?" juu jua ilikuwa kali.

Akaja mama mumoja na vidonge amefunga kwa pembe ya kitenge. Binti yake alikuwa na kifafa. Alikuwa amekaa muzuri mwaka muzima na dawa, halafu mwezi hiyo ameanguka mara tatu, na mara ya mwisho mukono iliingia kwa moto. Mama hakulia. Alinitazama tu kama mimi ndiye moto.

"Jina?" nikauliza.

"Masika."

Nikaandika Masika. Na kwa kuwa tulikuwa Bwera, nikaandika Bwera.

Tera alipopima, milima ilikuwa imehama. Daktari akapima tena na kidonge ingine. "Si chaki," akasema. "Dawa iko ndani, na iko ya kutosha. Lakini imekunywa maji, imejipanga upya. Imekuwa ngumu, haiyeyuki vizuri kwa tumbo. Huyu mutoto anameza dawa na haipati." Akachukua bahasha. "Masika, Bwera. Huyu ni ule wa duka ya dawa karibu na soko?"

Hapa nawaambia kitu kibaya. Mimi ule Masika wa duka nilikuwa simupendi. Alivuka kutoka Congo na mume wake, akafungua duka, anauza vizuri, anachekea kila mutu. Nikasema, "Ndiyo huyo. Mimi simuamini, anacheka sana." Mimi! Na ninavyocheka!

Daktari akaandika barua kwa watu wa kukagua dawa. Siku ya nne tukasikia kelele kwa soko. Tukaenda. Duka ya Masika iko na kufuli kubwa, na afande mumoja, kijana, amesimama mbele na kifunguo. Watu wamejaa. Vijana wa kiwanda cha simenti, wamesikia dawa imekuwa ngumu kama simenti, ndio walikuwa wanapiga kelele zaidi.

"Masika! Tuuzie mufuko moja, tujenge!"

"Apana, hiyo yake ni ya kupaka ukuta!"

Masika alikuwa amekaa kwa ngazi ya duka, mutoto kwa mugongo. Aliponiona akasimama.

"Mama Biira! Bananifungia duka juu yenu. Miye nilikosa nini?"

"Dawa yako ya kifafa imekunywa maji. Mashine imeona."

"Dawa gani? Ya mukebe?"

"Ya mukebe. Vidonge vya kuhesabu."

"Miye siuzishake ya mukebe!" Akajipiga magoti na mikono. "Dawa yangu ya kifafa yote iko mu karatasi ya kung'aa, moja moja, inafungwa! Afande, fungua bantu baone! Ya mukebe ni ba nani beko nayo hapa Bwera? Ni ba nani?"

Afande akasema, "Kaa chini! Hakuna kufungua mpaka amri." Na watu wakacheka tena.

Lakini mimi sikucheka. Juu nilijua jibu ya ile swali. Kwa Bwera yote, dawa ya kifafa ya mukebe ilikuwa pahali moja tu.

Nikarudi dispensari mbio, uzee na yote. Kwa benchi nikamukuta ule mama wa kitenge, amekuja kuuliza jibu yake.

"Mama," nikasema, "ile dawa ulinunua kwa Masika?"

"Masika gani?"

"Si ulisema Masika!"

"Masika ni mimi. Uliniuliza jina." Akanitazama vile vile. "Mimi natoka Kyarumba. Dawa nilipewa hapa. Wewe ndiye ulinihesabia, siku ya kliniki. Hukumbuki?"

Wasomaji wa mbali hawatajua, lakini nyinyi munajua. Sisi Bakonzo musichana wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira kama mimi, wa tatu Kabugho. Ukiita Masika kwa soko, nusu ya soko inageuka. Ndiyo maana hakuna mutu huku anasema Masika peke yake, lazima useme Masika wa wapi, Masika wa nani. Mimi, mwenye nimezaliwa huku, nimeandika Masika, nikaacha hapo. Juu moyo yangu ilikuwa imeshachagua Masika gani.

Nikaingia stoo. Mukebe ya dawa ya kifafa ilikuwa pale, imeegemea mutungi. Nikainua. Chini yake kutu. Kifuniko kilikuwa kimelegea, juu nafungua mara mingi siku ya kliniki. Nikavunja kidonge moja na ukucha, kama Muzee alinifundisha. Zamani ilikuwa inavunjika tak! Sasa ukucha ndiyo ilivunjika.

Nikasaga viwili, nikakandamiza, nikaweka kwa Tera mwenyewe. Daktari alikuja akasimama nyuma yangu. Milima zikatoka. Ni zile zile za mama wa Kyarumba.

"Hii umetoa wapi?" akauliza.

"Kwetu."

Nikamupeleka stoo. Nikamuonyesha mutungi, muchanga, na mikebe imezunguka. Akachukua mukebe, akasoma kizungu ya karatasi, akaniwekea kidole juu ya maneno.

"Inasema pa baridi, na pakavu."

"Muzee alisema pa baridi."

"Kuna neno ingine, Mama Biira."

Neno moja. Muzee Thembo alikuwa na neno moja ambayo hakuisoma, ama aliisoma na akaona haina maana, juu mutu gani anaweka dawa kwa maji? Sikuwahi kumuuliza. Alikuwa mutu muzuri, na mimi nilishuku dunia yote isipokuwa yeye.

Daktari akakaa kwa ndoo, akashika kichwa. "Nimeandika barua juu ya mutu asiye na makosa. Sikwenda hata kuangalia duka yake."

"Na mimi niliandika bahasha. Wewe unaitwa Nakato. Kampala iko na Nakato ngapi?"

"Nakato ni jina ya pacha, na kila nyumba iko na mapacha," akasema. "Nilipaswa kuuliza." Hapo ndipo nilianza kumupenda.

Kitu kilichobaki kilikuwa ni kutembea mpaka soko. Niliona njia hiyo ndefu kuliko kupanda Mahango. Nilibeba mukebe kwa kichwa, kila mutu aone. Daktari nyuma na karatasi.

"Afande," nikasema, "fungua duka."

"Kwa amri ya nani?"

"Daktari huyu ameandika barua ya kufunga, sasa ameandika ya kufungua. Dawa mubaya ilitoka kwa stoo yangu."

"Mzee, usicheze na serikali. Rudi nyumbani."

"Mimi si mzee, mimi ni muhalifu. Ukitaka kufunga mutu, nifunge mimi, lakini kwanza fungua duka."

Akasoma barua ya Daktari mara mbili. Akapiga simu kwa mukubwa wake, akasema "Ndiyo afande, ndiyo afande," kama mara nane. Halafu akafungua kufuli.

Nilidhani imeisha. Masika akaniambia, "Bon, sawa. Lakini bale balinitukana beko hapa. Banasikia kufuli inafunguka tu, sababu yake habasikie." Akaleta sanduku ya soda tupu, akaigeuza, akaiweka mbele ya duka. "Panda."

Nikapanda. Miaka yangu na magoti yangu, nikapanda kwa sanduku ya soda mbele ya soko ya Bwera, nikasema: dawa ya Masika wa duka iko safi, dawa iliyokunywa maji ni ya dispensari, aliyeinywesha ni mimi Biira, na aliyeandika jina vibaya ni mimi Biira. Kijana mumoja wa simenti akapiga makelele, "Jajja, shuka, tumekusamehe!" Masika akamujibu, "Wewe nani akuombe musamaha? Ngojea miye niseme!" Lakini hakusema. Alinishika mukono nishuke, akaingia duka yake, akaanza kupanguza vumbi. Ilipita miezi kabla hajanichekea tena.

Siku hiyo tulitoa mikebe yote. Daktari alipima dawa ya kila mukebe moja moja, na zile zilizoharibika tukazitoa. Mutungi tulipeleka inje kwa baraza, stoo tukapiga rafu za mbao, juu, mbali na sakafu. Waliokuwa na dawa ya kifafa kutoka kwetu tuliwatafuta mumoja mumoja, na safari hii niliandika Masika wa nani, wa wapi, binti ya nani. Kitabu ilijaa kama ukoo.

Ya Kyarumba nilipeleka mimi mwenyewe. Njia inapanda kama ngazi, watu wanashuka na mifuko ya kahawa kwa kichwa, unasimama pembeni wapite. Nilimukuta Masika wa Kyarumba anachambua maharagwe. Binti yake, Kabugho, alikuwa karibu naye, mukono imefungwa kitambaa. Musichana wa kama miaka kumi na mbili, na haya nyingi.

Nikatoa dawa mupya, ya karatasi ya kung'aa. Mama akaichukua, akaigeuza, akainusa. Akatoa kidonge moja, akaivunja na ukucha, akasikiliza. Mungu wangu, hakuna mutu alimufundisha!

"Hii iko sawa?" akauliza.

Maneno ya kusema ilikuwa tayari kwa mudomo yangu, iko sawa mama, kabisa. Nikaimeza. Nikasema, "Ilipotoka kwetu ilikuwa sawa, niliipima. Hapa kwako kuna ukungu, sijui itafanya nini. Iweke kwa mukebe ya kufunga, mbali na moto na maji. Kila mwezi uniletee mbili, nipime."

"Na ukikosea tena?"

"Utaniona kwa soko juu ya sanduku."

Hakucheka. Akamuita Kabugho, akampa kidonge na maji, na macho yake ilikuwa kwangu mimi, si kwa mutoto, mpaka alipomeza.

Na alileta. Kila mwezi, mbili, kwa pembe ya kitenge. Kabugho hakuanguka mwezi hiyo, wala iliyofuata, halafu alianguka mara moja, mama akashuka mulima siku hiyo hiyo na vidonge mukononi kunisimamia wakati napima. Milima ilikuwa sawa. Daktari wa kliniki alimuongezea dawa, mutoto alikuwa amekua tu, kipimo ya zamani haimutoshi. Lakini mama aliniambia nipime tena. Nikapima tena.

Sasa nyinyi munajua yule mama wa kitenge anayewachosha, anayekataa kukaa kwa benchi mpaka aone kompyuta. Ni huyo. Mulinikuta naye, mukadhani ni jamaa yangu. Hajaniamini mpaka leo, na sijapata mutu wa kazi muzuri kama yeye.

Wiki iliyopita alisikia naacha kazi. Alikuja na kahawa kilo moja ya kuniaga, na vidonge viwili vyake. Nikanyoosha mukono kuvipokea kama kawaida. Akanipita. Akaenda mpaka kwa meza yenu, akaviweka pale, akawaambia, "Huyu mama atasema ziko sawa. Nyinyi muzipime."